Vita vilivyotoka bomani Karema

Mtanzania aliyesoma shule anajua habari za fuvu la Mkwawa wa Uhehe: Wajerumani walilichukua, na mwaka 1954 likarudishwa Kalenga. Fuvu la mtemi Lusinga halisimuliwi, ingawa mtu aliyelipeleka Ulaya alikuwa mkuu wa boma la Karema, katika mkoa wetu wa Katavi. Kwa kweli jambo hilo linanisikitisha. Wakazi wa Mpanda hawana haja ya kwenda Uhehe wala Songea kutafuta historia ya vita. Wakishika barabara ya magharibi, wakapita misitu ya miombo hadi ziwani, wameifikia.

Boma la Karema lilianzishwa Agosti 1879 na Kapteni Cambier, kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1876. Leopold aliitangazia dunia kwamba shabaha yake ni utafiti wa kisayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Mtu aliyesoma tangazo hilo kisha akaenda Karema atajiuliza mbona shabaha hiyo ilihitaji kuta nene juu ya kilima.

Nchi yenyewe ilikuwa na joto la vita kabla ya Wabelgiji kufika. Mirambo wa Urambo alikuwa akipigania njia za misafara, na wapiganaji wake, rugaruga, walifika mpaka huku. Juni 1880, huko Mpimbwe, majeshi ya Mirambo na ya mtemi Simba yaliuvamia msafara uliotoka Karema. Waliouawa ni pamoja na Wazungu wawili, Carter na Cadenhead. Huyu Carter ndiye aliyewaleta tembo wa India kutoka pwani ya Dar es Salaam, kwa matumaini kwamba wangewasaidia Wazungu kuwafuga tembo wa Afrika wabebe mizigo. Kati ya wanne ni mmoja tu aliyefika Karema, naye hakuishi sana. Leo Mpimbwe ni halmashauri ndani ya Katavi.

Mwaka 1882 alikuja Karema Émile Storms. Watu walimwita Bwana Boma. Mwaka uliofuata alivuka ziwa akajenga kituo cha pili Mpala, ambako sasa ni Kongo, na huko akakutana na Lusinga, mtemi wa Watabwa aliyekaa milimani. Lusinga naye alikuwa akiteka watu na kuwauza, akitafuta ukubwa kwa bunduki. Desemba 1884 watu wa Storms walimwua wakamkata kichwa. Mwezi huohuo Mirambo alifariki, na huko Berlin mataifa ya Ulaya yalikuwa mezani yakiligawana bara hili. Storms alirudi kwao na kichwa kile, na mwaka 1886 daktari Émile Houzé akachapisha maelezo ya vipimo vya fuvu hilo kana kwamba ni kielelezo cha maabara.

Hapo ndipo vitabu vinapokuwa na kazi. Mtafiti Allen Roberts ameandika kitabu kizima juu ya kifo hicho, A Dance of Assassins, kilichotoka mwaka 2013, akiiweka shajara ya Storms kando ya masimulizi ya Watabwa. Hoja yake ni kwamba Lusinga na Storms walifanana kuliko Storms alivyotaka kukiri: kila mmoja alikuja kutoka kwingine, akajenga utawala kwa silaha na kwa maonyesho ya nguvu. Ukiisoma shajara peke yake, unamwona mkombozi akimwondoa dhalimu. Ukiyasikia masimulizi ya upande wa pili, unawaona wababe wawili wakigombea mlima mmoja. Mimi naona Roberts yuko sahihi, ila bado nawaza juu ya watu wa chini: rugaruga waliopanda mlima, na wanawake waliotekwa siku ile.

Kwenda mahali penyewe kunaongeza lisilomo kitabuni. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita Karema mwaka 1880 alilikejeli sana eneo lililochaguliwa na Wabelgiji. Ukisimama kilimani leo unaona ziwa limejitenga, na unaanza kumwelewa. Mto Lukuga ulikuwa umezibua njia yake upande wa Kongo, na katika miaka ile maji ya Tanganyika yakashuka kwa mita kadhaa. Boma lililojengwa lilitazame ziwa likabaki linatazama nchi kavu. Hata uamuzi wa Storms wa kuhamia ng'ambo unasomeka vingine ukikumbuka hilo.

Mwaka 1885 Leopold aliliachia boma, likachukuliwa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers. Ndipo anapoingia Adriano Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa na wamisionari hao, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi kufa kwake mwaka 1956. Yeye aliandika habari za maisha yake mwenyewe. Kati ya maandishi yote yanayohusu Karema, hayo ndiyo ningewapa kwanza wanafunzi wa Mpanda, kwa sababu mwandishi wake aliijua minyororo kwa mwili wake, hakuisikia kwa mtu.

Juni 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani moja ya Brussels baada ya miaka ya malalamiko. Fuvu la Lusinga limehifadhiwa katika jiji hilohilo, kwenye Taasisi ya Sayansi Asilia. Mjadala wa kulirudisha unafanyika zaidi Ubelgiji na Kongo. Katavi nayo ina neno la kusema, maana safari ya Storms ilianzia upande wetu wa ziwa. Sasa Karema ina bandari mpya iliyojengwa kwa ajili ya biashara na Kongo, na madereva wa malori wanatarajiwa kupita hapo. Walimu wa historia nao wawapeleke wanafunzi wao, wakiwa na shajara, masimulizi ya Watabwa na habari za Atiman mkononi, wazisome palepale kilimani.