Majina ya Wazee Wetu Yasipotee

Wanachama wenzetu,

Twapenda kuwaeleza khabari ya kazi moja iliyofanyika Marekani, ambayo ina mafunzo kwetu sisi watu wa karafuu.

Nchi ile huhesabu watu wake kila baada ya miaka 10, na majina yanayoandikwa hufungiwa kwa miaka 72, ili siri za walio hai zisitangazwe. Kwa hivyo madaftari ya hesabu ya mwaka 1940 yalifunguliwa tarehe 2 Aprili 2012. Yalikuwa na watu kiasi cha milioni 132, wote wameandikwa kwa mkono, wala hapakuwa na orodha ya majina. Aliyemtafuta babu yake ilimbidi ajue kwanza mzee alikaa mtaa gani, kisha apekue karatasi moja moja, na kila upande una mistari 40.

Basi walijitokeza watu zaidi ya 150,000, bila ya ujira, wakayanakili majina kwa kompyuta majumbani mwao. Kwa miezi minne hivi kazi ikesha.

Haikufanikiwa kwa wingi wa watu tu, bali kwa utaratibu. Kwanza, hakuna aliyebebeshwa daftari zima. Kila mtu alipewa fungu dogo analoweza kulimaliza. Pili, fungu lile lile lilipewa watu wawili, kila mmoja peke yake. Waliposoma mamoja, jina lilipita. Walipokhitalifiana, mtu wa tatu aliye mzoefu aliitazama karatasi akakata shauri. Tatu, mwenye kunakili aliandika alichokiona, si alichodhani. Mwenye kusahihisha kwa kudhani huweza kumfuta mtu wa kweli.

Jambo hili si geni kwetu. Jioni ya kuchambua mikono huwa mingi, lakini mmoja akiacha makonyo ndani ya karafuu, gunia zima hushuka daraja.

Na sisi tunayo madaftari ya zamani ya chama: ya wenye mashamba, na ya wachumaji na pishi zao. Mengine yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, mengine kwa za Kizungu. Mchwa na unyevu havingoji, na wazee wanaoweza kusoma mwandiko ule wanapungua kila mwaka. Juma bin Hamad wako wengi. Atakayewatenga kwa jina la babu na kitongoji ni mzee aliyewajua.

Wapo wanaokhofu kuwa kazi hii itafufua magomvi ya mikarafuu. Khofu yao si ya kupuuzwa. Basi ijulikane kwamba nakala si hati ya kumiliki, wala si hukumu ya mirathi. Mirathi ina Kadhi wake. Na majina ya walio hai hayataonyeshwa mtu bila ya idhini yao.

Tunaomba kila tawi litoe watu wanne, wanaume kwa wanawake: wazee wawili wanaosoma herufi za Kiarabu, na vijana wawili wenye mwandiko safi. Kila mzee atakaa na kijana wake, na kila jozi itasoma mbali na mwenzake. Mleteeni katibu wa tawi majina kabla ya msimu wa kuchuma, kwani karafuu zikishaiva hatapatikana mtu wa kushika kalamu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu