Muundo wa Sentensi Sahili ya Kinyakyusa kwa Mjifunzaji Anayezungumza Kiswahili

1.0 Utangulizi
Kinyakyusa ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa hasa katika wilaya za Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya. Katika uainishaji wa Guthrie imepewa msimbo M31. Walimu, wauguzi na maafisa ugani wanaohamishiwa wilaya hizo huanza kujifunza lugha hiyo wakiwa na Kiswahili kama msingi. Kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu, mjifunzaji hudhani kuwa kila kiambishi anachokitambua kina kazi ileile. Makala haya yanabainisha mahali dhana hiyo inapofaa na inapopotosha. Mifano imeandikwa kwa tahajia sahili isiyotofautisha irabu zote saba za Kinyakyusa.

2.0 Sentensi yakinishi
Kama ilivyo katika Kiswahili, kiima hutangulia kitenzi na yambwa hukifuata:

(1) Abandu bikubomba imbombo. 'Watu wanafanya kazi.'

Nomino abandu ina sehemu tatu: irabu tangulizi a-, kiambishi ngeli -ba- na mzizi -ndu. Irabu tangulizi haimo katika Kiswahili, hivyo mjifunzaji huisahau. Katika kitenzi, kipatanishi ba- huungana na -iku- ya wakati uliopo na kusikika biku-. Katika umoja husemwa Umundu ikubomba imbombo.

Tendo lililokamilika huoneshwa mwishoni mwa kitenzi:

(2) Abandu babombile imbombo. 'Watu wamefanya kazi.'

Kiswahili huweka -me- kabla ya mzizi, ilhali Kinyakyusa huweka -ile baada yake. Mjifunzaji hukutana na kiambishi hicho mapema katika salamu Ugonile, ambayo kisisisi ni 'umelala', na Mugonile kwa watu wengi.

3.0 Sentensi kanushi
(3) Abandu batikubomba imbombo. 'Watu hawafanyi kazi.'
(4) Abandu bakabomba imbombo. 'Watu hawajafanya kazi.'

Katika (3), kikanushi -ti- hufuata kipatanishi, tofauti na ha- ya Kiswahili inayotangulia. Ugumu mkubwa umo katika (4). Hapo -ka- ndiyo inayokanusha, na kitenzi huishia -a badala ya -ile. Kwa sikio la Kiswahili, bakabomba hufanana na wakafanya, umbo linalothibitisha kuwa tendo lilifuatia jingine. Msikilizaji hupata maana iliyo kinyume kabisa. Muuguzi anayeuliza kama dawa zimemezwa anaweza kuandika kuwa zimemezwa, ilhali ameambiwa kuwa bado.

4.0 Hitimisho
Mpangilio wa maneno haumsumbui mjifunzaji. Viambishi vya kitenzi ndivyo vinavyohitaji mkazo. Inafaa babombile na bakabomba zifundishwe pamoja tangu mwanzo, kama jozi ya yakinishi na kanushi, kabla mazoea ya -ka- ya Kiswahili hayajajenga tafsiri potofu.