Nyungu ya shimoni: kilicho ndani ya ukuta wake

Wachimbaji wengi wamesikia jambo hili, wengine wameliona. Mwenzao anapiga sururu, inagonga kitu chenye kulia tupu. Nyungu ya udongo! Watu wanakimbilia, wanaivunja waone kama wazee walificha dhahabu. Iko udongo tu. Vigae vinatupwa kwenye rundo la mchanga, kazi inaendelea.

Lakini habari kubwa ilikuwa kwenye ukuta wa nyungu ile, si tumboni mwake.

Tupande na Lualaba yetu hii, tupite Kasongo na Kongolo, tufike ziwa Kisale, huko Haut-Lomami. Pale Sanga, mwaka 1957, Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya zamani. Mwaka 1974 Pierre de Maret alichimba tena. Wafu walizikwa na nyungu, vyuma na shaba. Makaburi yenye kuitwa ya Kisalien ni ya karne ya 8 mpaka ya 14. Mwaka 2010 Alexandre Livingstone Smith na Alice Viseyrias walitoa uchunguzi wa nyungu hizo kwa mionzi ya X, ili kujua zilifinyangwa namna gani.

Ni mionzi ileile ya radio ya kifua hospitalini. Udongo wa nyungu haukosi vitundu vya hewa na vijiwe. Kwenye picha, hewa inatoka nyeusi, jiwe linatoka jeupe. (Chembe ya kasiteriti ingeng'aa kuliko zote, sababu ni nzito.) Mfinyanzi akipanga kamba za udongo moja juu ya ingine, vitundu vinalala kufuata kamba, na maungio yanaweza kuonekana hata kama nje alilainisha sana. Akivuta udongo kwa vidole toka chini kwenda juu, vitundu vinasimama. Akipigapiga ukuta kwa kibao, nyufa ndogo zinatokea kuzunguka vijiwe, kama nyota. Owen Rye alieleza alama hizo mwaka 1977.

Tena, pambo la nje linaigwa haraka: mtu analiona sokoni, kesho amelichora. Kuinua ukuta ni ingine. Unajifunza kwa mkono, umekaa miaka karibu na mama ao shangazi. Ndiyo maana picha hizo zinaweza kuonyesha kama mafundi wa vijiji viwili walifuata njia moja.

Hata kigae kinapigwa radio. Ila kigae cha kwenye rundo hakisemi kilitoka shimo gani, mita ngapi chini, na mashine haiwezi kukirudishia habari hiyo.

Basi, sururu ikigonga nyungu, musimame. Musiivute kwa mdomo, musiioshe. Vigae muviweke pamoja na udongo wake, muandike kina na mahali, kisha muite chef wa kijiji apeleke habari kwa serikali, upande wa utamaduni. Tunajua PDG wa shimo atanuna, siku ya kusimama ni siku bila chakula. Lakini mukiona na mifupa pembeni, mujue mumeingia kaburini mwa mtu.