Unataka jobo ya NGO? Soma hii kwanza kabla hujatuma CV

Hii picha unaijua. Land Cruiser nyeupe imepita na vumbi lake, ndani kuna msee amevaa fulana ya shirika, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Mtaani wanasema huyo ameomoka, analipwa na wazungu. Wewe nawe umemaliza campo, umesota mwaka mzima, na unaona huko ndiko kwa kuingia.

Sawa, hakuna ubaya. Lakini kaa chini nikupe hii stori vile iko.

Kwanza, doh hutoka wapi?

Duka huuza unga, likipata faida linakulipa. NGO haiuzi kitu. Pesa hutoka kwa mfadhili, na ikifika tayari imepangiwa kazi. Kama ni ya kuchimba visima Kitui, ni ya visima. Bosi hawezi kuichomoa akuongeze mshahara juu umechapa kazi poa, hata akitaka.

Tena kila mradi una mwisho. Inaweza kuwa mwaka mmoja, mitatu au mitano, na kandarasi yako kwa kawaida hufuata hizo tarehe. Mradi ukiisha bila mfadhili mwingine, unaaga watu, unarudisha laptop na unaanza kutafuta upya. Ndiyo maana utaona msee wa miaka 35 ako na CV safi sana, lakini hajawahi kaa kazi moja zaidi ya miaka mitatu.

Ile kitu ilitokea 2025 si unakumbuka? Januari 20, Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zilikuwa zimefika hadi Kenya. Kufikia Julai 1, USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Wauguzi, madereva, washauri wa wagonjwa wa HIV na wale wa kuingiza data kwa kompyuta walijipata nyumbani, na kosa hawakuwa nalo. Sahihi iliwekwa Washington, kodi ya keja ikakwama Kisumu.

Siku yenyewe iko aje?

Ukidhani utashinda fildi ukisaidia watu, jipange. Kazi kubwa ni karatasi. Ukifanya mkutano wa watu 40, lazima kila mtu aandike jina, namba ya simu na sahihi. Ukinunua soda, risiti. Mat na boda hazitoi risiti, kwa hivyo kuna fomu ya hiyo pia. Halafu unarudi ofisini unaandika ripoti: tuliahidi kufikia wamama 200, tumefikia wangapi, na kama hawajafika, ni kwa nini?

Inaboesha, ukweli usemwe. Lakini hiyo ni pesa ya watu, na mkaguzi akikuja hataki kusikia ati ulikuwa na moyo safi.

Kitu nzito zaidi ni hii. Umeenda Mukuru kufundisha wamama lishe ya watoto. Mmoja anakuita kando, anakuambia, "Mtoto wangu, hayo mafunzo nimeshika, lakini leo landlord amefunga nyumba." Mradi wako hauna pesa ya kodi ya nyumba. Unaweza kutoa soo mbili kwa mfuko wako, na kesho kuna mama mwingine. Hakuna campo hukufundisha vile utarudi stage na hiyo kitu kifuani. Kama shirika lako halina mtu wa kuongea naye, tafuta wako mapema.

Alafu chunga hii: "Tunafanya kwa ajili ya jamii." Ni maneno ya ukweli, lakini kuna mabosi huyatumia ndio ufanye Jumamosi na Jumapili bure, miezi sita ukiitwa mwanakujitolea na fare unajitolea pia. Kupenda kazi hakulipi kodi. Ukijitolea, kubaliana siku, muda na nauli kwa maandishi.

Sasa mbona watu bado wanaingia?

Kwa sababu ikifanya kazi, unaiona kwa macho. MYSA ilianza Mathare 1987, vijana wakicheza mpira na kusafisha takataka mtaani, na timu zikapewa pointi kwa kusafisha. SHOFCO ilianza Kibera 2004, Kennedy Odede akiwa kijana wa huko huko na mpira wa bei rahisi. Hao hawakungoja Land Cruiser. Na utajifunza kupanga bajeti, kuandika na kuongea na chifu na balozi wiki moja. Hizo ujuzi hakuna mtu atakunyang'anya mradi ukiisha.

Kwa hivyo kwa intaviu, uliza haya bila aibu:

1. Mradi unaisha lini, na mfadhili ni mmoja au ni wengi? Mmoja akitoka, mko sawa?

2. Mshahara ni kabla ya makato ama baada? NGO inaweza kusamehewa kodi, lakini wewe hujasamehewa. Kuna PAYE, NSSF, SHIF asilimia 2.75 na nyumba asilimia 1.5.

3. Wakinifuta kabla kandarasi iishe kwa sababu pesa imekatwa, inakuwaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka umemaliza. Lakini kandarasi ikifika mwisho wake yenyewe, usingoje hiyo.

4. Shirika limesajiliwa? Tangu Mei 14, 2024, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ndiyo inatumika, ile ya NGO ya 1990 imeenda.

Na mtu akikuitisha ngiri mbili ya "kushughulikia fomu", toka mbio. Shirika la ukweli halikulipishi ndio likuajiri.

Ukishajibiwa na bado unaskia hiyo kazi inakuita, ingia, chapa kazi. Ila mshahara wa kwanza ukiingia, kabla ya viatu vipya, weka kando kodi ya miezi mitatu. Mathe akiuliza mbona hujamtumia kitu kubwa na unalipwa na wazungu, mwonyeshe hii.