Kufundisha Maana ya Uwakilishi: Mfano wa Mkutano wa Wajumbe wa Mji

Utangulizi

Katika somo la uraia, mara nyingi mwalimu huandika ubaoni majina ya vyombo vya serikali na vyeo vya viongozi, wanafunzi huyanakili, na somo huishia hapo. Mtoto aliyefundishwa hivyo aweza kutaja kazi zote za mjumbe bila kujua kwa nini mjumbe yupo, wala ni nani mwenye haki ya kumwuliza. Makala haya yanaeleza serikali ya mji iendeshwayo kwa mkutano wa wajumbe katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kisha yanapendekeza namna ya kuutumia mfano huo darasani. Tumeuchagua kwa kuwa unadhihirisha swali lililo gumu kufundisha: watu wengi wanapowakabidhi wachache kura zao, wao wenyewe hubaki na haki gani?

Asili ya Mkutano

Tangu karne ya 17, miji ya Massachusetts imejitawala kwa mkutano mkuu ambao kila mpiga kura ana haki ya kuhudhuria, kusema na kupiga kura. Mkutano huo ndio bunge la mji: hupitisha bajeti na sheria ndogo. Miji ilipokua, ukumbi haukuweza tena kuwatosha watu wote, na kundi dogo lililowahi kuingia liliweza kuamua mambo ya wengi. Mwaka 1915, mji wa Brookline ulio jirani na Boston ulianzisha mkutano wa wajumbe waliochaguliwa, na miji mingine ikafuata. Hata hivyo, katiba ya jimbo hairuhusu mji wenye wakazi chini ya 6,000 kuanzisha utaratibu huo.

Kazi ya Mjumbe Mpya

Mji hugawanywa katika kata, na kila kata huchagua wajumbe wake. Huko Brookline kila kata ina wajumbe 15, kwa muhula wa miaka 3. Theluthi yao huchaguliwa kila mwaka, ili wageni wasikose wenyeji wa kujifunza kwao. Mjumbe halipwi mshahara.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua mjumbe mpya ni hati ya wito. Hati hii hutolewa na halmashauri ya mji, nayo hutaja moja baada ya jingine mambo yatakayojadiliwa. Yapasa itangazwe siku 7 au zaidi kabla ya mkutano wa mwaka, na siku 14 au zaidi kabla ya mkutano maalumu. Jambo lisilokuwamo katika hati haliwezi kuamuliwa. Kwa hiyo hakuna mwananchi atakayeamka asubuhi na kukuta kodi au ardhi yake imeamuliwa bila taarifa.

Kabla ya mkutano, kamati ya fedha huchunguza kila jambo linalogusa fedha na kutoa mapendekezo yake. Mjumbe hana budi kuyasoma, lakini halazimiki kuyafuata. Mkutanoni, mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kazi hiyo huongoza mjadala. Hoja hutolewa, hurekebishwa, kisha hupigiwa kura. Mambo mengi huamuliwa kwa wingi wa kawaida, lakini kukopa fedha kwa niaba ya mji huhitaji theluthi mbili. Sheria ndogo iliyopitishwa hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo ili aithibitishe.

Haki Zinazobaki kwa Wananchi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwananchi asiye mjumbe hana kura mkutanoni, lakini aweza kuingia na, kwa kufuata taratibu zilizowekwa, kusema. Wapiga kura 10 wakitia sahihi zao, waweza kuingiza jambo lao katika hati ya mkutano wa mwaka, hata kama halmashauri hailipendi. Tena, mjumbe akihama kata yake, hubaki na kiti hadi uchaguzi wa mwaka unaofuata tu. Kiti ni cha kata, si mali yake. Katika miji mingi, baadhi ya maamuzi ya wajumbe yaweza pia kurudishwa kwa wapiga kura wote.

Namna ya Kufundisha

Anza na lile wanafunzi walijualo. Hapa Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Waulize wanafunzi: kama kijiji kingekuwa na watu 50,000, mkutano huo ungefanyika wapi? Waache watafute jibu wenyewe kabla ya kuwatajia Brookline.

Kisha fanyeni mkutano wa darasa kwa hatua hizi:

1. Gawa darasa katika makundi ya wanafunzi kumi kumi. Kila kundi lichague wajumbe wawili.
2. Siku tatu kabla ya mkutano, bandika ukutani hati ya wito yenye mambo mawili ya kweli, mathalani matumizi ya mavuno ya bustani ya shule. Wanafunzi watano wasio wajumbe waruhusiwe kuongeza jambo la tatu.
3. Mwanafunzi mmoja, wala si mwalimu, awe mwenyekiti. Wasio wajumbe wakae nyuma. Waombe nafasi ya kusema, lakini wasipige kura.
4. Mtu akizusha jambo lisilokuwamo katika hati, mwenyekiti alikatae. Waulize wanafunzi sababu.
5. Uamuzi utakaofikiwa utekelezwe kweli. Mwalimu akiutupilia mbali, atakuwa amewafundisha kwamba mkutano ni mchezo.

Upimaji

Usiwaulize wanafunzi orodha ya vyeo. Waulize waliokaa nyuma: “Mjumbe wenu alisema mliyomtuma? Kama hakusema, mtafanya nini?” Mwanafunzi awezaye kujibu swali la pili ameelewa somo, kwani amekwisha tambua kwamba kumtuma mtu si kunyamaza.