Herufi Tano Chini ya Mona Lisa: Mwili, Ashiki na Fumbo katika Kazi ya Marcel Duchamp

Mwaka 1919, miaka 400 baada ya kifo cha Leonardo da Vinci, Marcel Duchamp alichukua postikadi ya kawaida yenye picha ya Mona Lisa, akamchorea masharubu na ndevu za kidevuni kwa penseli, kisha akaandika chini yake herufi tano: L.H.O.O.Q. Kazi hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi mashuhuri za Dada, vuguvugu lililoanzia Zurich, Uswisi, mwaka 1916 (jina ambalo halihusiani kwa vyovyote na dada wa Kiswahili). Watazamaji wengi huishia kwenye masharubu. Makala haya yanashikilia kwamba uzito wa kazi umo katika herufi.

Zikisomwa moja moja kwa Kifaransa, herufi hizo hutamkika takriban el, ash, o, o, kyu. Zikiharakishwa, sikio la Mfaransa husikia sentensi kamili ya lugha ya mtaani: mwanamke huyo makalio yake yana moto, yaani ameshikwa na ashiki. Ikumbukwe kwamba karatasi yenyewe haina tusi. Mona Lisa hakuvuliwa nguo, na herufi ni za alfabeti tu. Tusi huzaliwa kinywani mwa anayesoma, na aibu yake humwangukia yeye.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili mbinu hii si ngeni. Jina la kanga huvaliwa na mmoja likamchoma mwingine, na mvaaji akaweza kukana. Vipo pia vitendawili vinavyompeleka msikilizaji kwenye sehemu za siri, ilhali jibu ni chombo cha jikoni. Duchamp aligeuza mwelekeo: juu pametulia, ashiki imo katika jibu.

Hapo ndipo mfasiri anapokwama. "Ana ashiki" ni tafsida. Hubakiza maana na kuua mchezo. Neno kali la mtaani hurejesha ukali, lakini sasa mtukanaji ni mfasiri, si msomaji. Lililo afadhali ni kuziacha herufi zilivyo, kutoa matamshi yake, na kuiweka maana mbali kidogo na picha. Mwalimu anayeiruka maana hiyo kwa kuchelea heshima huwaachia wanafunzi mzaha wa masharubu tu.

Mchezo wa jinsia uliendelea. Mnamo 1921 Man Ray alimpiga picha Duchamp akiwa amevaa kofia ya kike, kwa jina la Rrose Sélavy, ambalo likitamkwa husikika kama kusema kwamba mapenzi ya mwili ndiyo maisha. Mwaka 1965, katika kadi za mwaliko wa maonyesho jijini New York, Duchamp alitumia picha ya Mona Lisa isiyoguswa kwa penseli, akaiita L.H.O.O.Q. "aliyenyolewa". Hakuna kilichochorwa, anayeijua kazi ya mwanzo ndiye humwona mwanamke aliyetoka kwa kinyozi.