Shingo ya Panya Mzee

Panya wa maabara akitimiza miaka miwili ni mzee wa kushika mkongojo. Majaribio ya kuchunguza kama dawa huleta saratani humfikisha umri huo, kisha viungo vyake hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Kwenye tezi dundumio, ile ya shingoni ambayo kwa binadamu ikivimba huitwa rovu, mpatholojia mara nyingi hukuta seli za C zimezaana kupita kiasi, hata kwa panya ambaye hakuonjeshwa dawa yoyote.

Homoni za tezi hiyo zenye iodini hutengenezwa na vifuko vya duara. Seli za C hukaa kandokando yake, zimepauka, na kwa panya kijana ni chache, zimetawanyika. Hutoa kalsitonini, homoni ya kushusha kalsiamu katika damu ambayo Harold Copp wa Kanada aliitangaza mwaka 1962. (Yeye alidhani inatoka kwenye tezi za jirani; haikuchukua miaka mingi ikajulikana nyumbani kwake ni hapa.) Umri ukisogea, seli hizi hujikusanya mafungu, na fungu likinenepa huvibana vifuko. Liitweje sasa? Wataalamu wamekubaliana kwamba likizidi upana wa vifuko vitano vya kawaida ni uvimbe. Pungufu ya hapo, ni ongezeko la seli tu. Ni kipimo cha makubaliano, maana baina ya hali hizo mbili hakuna ukuta.

Kwa hiyo dawa ikishtakiwa, wahesabiwe kwanza panya wazee ambao hawakuigusa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa liraglutidi, sindano ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Panya waliodungwa walipata uvimbe wa seli za C kuwazidi wenzao, na hapo uzee peke yake haukutosha kuwa maelezo. Seli za C za panya zina vipokezi vingi vya GLP-1, homoni inayoigwa na dawa hiyo. Za binadamu zina vichache mno. Hata hivyo onyo liliwekwa kwenye karatasi ya dawa, na naona ilistahili: saratani ya seli hizo kwa binadamu ni nadra, lakini ipo, na wengine huirithi kupitia jeni ya RET. Ukiandikiwa sindano za jamii hii, na kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani hiyo, mwambie daktari kabla ya kuchoma ya kwanza.